Gitaa la Pili

Kahaso alikuwa ameapa kwamba gereji ya Lenox hataikanyaga tena maishani, hata gari limzimikie mbele ya lango lake. Na Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa ameegesha pale pale langoni, Bamburi, mikono yote miwili kwenye usukani, akijilaani mwenyewe na kumlaani Lenox kwa zamu.

Gari lenyewe lilikuwa Celica nyekundu ya zamani, ya milango miwili, na taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Baba yake, mzee Kitsao, alilinunua enzi alipokuwa akiendesha winchi bandarini, na mtaa mzima wa Frere Town ulijua mzee anarudi kazini kabla hajakata kona, kwa rumba iliyokuwa ikilia garini mwake. Siku hizi mzee haendeshi. Kiharusi kilimkamata mwaka uliopita, kikamwacha na mkono mzito na ulimi mzito, lakini kilichowaumiza watu wa nyumbani hakikuwa mkono wala ulimi. Kilichowaumiza ni kwamba mzee aliacha kutaka kitu. Kanisani hataki, wageni hataki, hata barazani hatoki mpaka abembelezwe kama mwali. Kahaso alijifunza kuendesha kwa ajili ya kumfikisha kliniki, na njia nzima baba yake huwa ameangalia dirishani, kimya. Mara moja tu ndipo alipofungua mdomo. Alisema gari limekuwa kama la kubebea maiti, halina hata muziki.

Maneno hayo Kahaso aliyashikilia kwa mikono miwili. Kama kuna kitu kimoja duniani ambacho baba yake bado anakitaka, basi atakipata. Fundi wa kwanza, wa Kisauni, alitaka kuikata milango kwa msumeno ili spika kubwa zipate kuingia. Alipokatazwa akanuna, akaunga nyaya ovyo mpaka dashibodi ikatoa moshi. Wa pili alilizunguka gari, akatikisa kichwa, akasema anayeweza kulitia muziki gari la aina hii bila kulijeruhi ni mmoja tu, yuko Bamburi, anaitwa Lenox. Je, dada anamjua?

Dada alikuwa akimjua, tena kupita kiasi. Alimjua mpaka harufu ya shati lake.

Lazima niseme yaliyotokea, maana bila hayo hamtaielewa hasira ya huyu binti. Kwa akina Kahaso mtu haendi kuposa peke yake. Hutanguliza wazee, wakabisha hodi, wakakaa, wakaitoa kadzama, ule mnazi wa kuulizia mke. Nyumba za watu wa kanisa zisizogusa mnazi huweka kreti ya soda mahali pake, lakini wazee hawakosekani. Kijana mwenyewe hata mdomo hafungui. Lenox alikuja peke yake. Alikuja na shati lililopigwa pasi na kreti ya soda begani, akabisha hodi mwenyewe, akaketi mwenyewe. Mzee Kitsao, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa kwa kelele za bandarini, alimgeuzia sikio la kulia akamuuliza wazee wake wako wapi. Lenox akasema amekuja mwenyewe. Mzee akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Alipohakikisha amesikia vizuri, alisimama, akasema mtu asiye na watu hana wa kumjibia likimshinda, na binti yake hamtoi kwa mtu kama huyo. Akamwambia aondoke, na soda zake asisahau.

Lenox akaondoka. Soda hakusahau.

Hilo Kahaso angeweza kulisamehe. Kijana wa asili ya bara, mzaliwa wa Changamwe, pengine hakujua uzito wa jambo. Lakini baada ya hapo Lenox alinyamaza. Hakupiga simu, hakutuma salamu, hakuja tena. Kahaso alingoja mpaka akaona haya kwa kungoja, na mama yake, Pascalia, hakuacha kumsimanga kila alipomkuta ameishika simu. Miaka miwili ikapita. Alifungua duka lake la kushona sare za shule, akajifunza kulala, akajifunza kucheka tena. Na sasa yuko langoni.

Akashuka.

Uwanja ulikuwa ule ule. Upande mmoja mzee Matano, seremala aliyempa Lenox nafasi hapo tangu zamani, alikuwa akipiga randa ubao wa sanduku la spika. Kahaso akamwamkia shikamoo kwa sauti ya adabu, naye akaitikia kwa furaha iliyotaka kumtoa machozi. Upande wa pili Lenox alikuwa ameinama ndani ya gari la mtu. Alipoinuka na kumwona, bisibisi ilimtoka mkononi.

Alikuwa amekonda kidogo. Macho yalikuwa yale yale, na Kahaso akayachukia kwa kuwa yale yale.

"Nimeleta gari," alisema kabla hajasalimiwa. "Sikuleta mazungumzo."

Lenox akalitazama gari. "Nimekusikia."

Kahaso akamsomea masharti akiwa amesimama. Milango haikatwi. Dashibodi haitobolewi, na uso wa ile redio ya zamani iliyokufa ubaki pale pale, mzee asije akaona gari la mtu mwingine. Kazi ikiisha ni malipo na kwaheri. Na jambo lolote lisilohusu waya, asiulizwe.

"Basi nikuulize la waya," Lenox alisema, kichwa kikiwa tayari chini ya dashibodi. "Nani aliunga hivi?"

"Fundi."

"Huyu si fundi. Huyu ana kisa na nyinyi."

Kicheko kilimfika Kahaso kooni, akakimeza, na hasira ikamzidi kwa sababu alitaka kucheka. Akavuta kigoda, akakaa kivulini, akajifanya anashughulika na simu. Ukweli ni kwamba hakuona chochote kwenye ile simu. Aliona mikono. Aliona jinsi Lenox anavyofungua ngozi ya mlango taratibu, bila kuvunja kifungo hata kimoja, kama anayemvua mtoto mchanga nguo. Aliona akizipima spika ndogo kwenye matundu yale yale ya zamani, akizipitisha nyaya mpya chini ya zulia, akiificha amplifaya chini ya kiti. Hakukata kitu, hakutoboa kitu. Kahaso alitamani akosee mahali apate sababu ya kumfokea.

Kufika kwenye viti, Lenox alisita. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, kwa kimo cha mwanamke. Kiti cha kushoto, cha abiria, kilikuwa na mto wa kuegemea mgongo, na bakora ilikuwa imelazwa pembeni yake.

"Mzee haendeshi siku hizi?"

"Hilo ni la waya?"

Lenox aliishika ile bakora kidogo, akairudisha alipoikuta, akaendelea na kazi.

Jua lilipopanda muziki ukaanza kutoka. Kahaso akautambua mara moja, rumba ya baba yake, ile anayoipenda kupita zote. Alidhani Lenox atausikiliza mara moja, azime, amwite aondoke. Wapi! Yule bwana aliingia akakaa kiti cha kushoto, akafunga mlango, akaanza kuchezea vitufe. Anausikiliza wimbo mpaka katikati, anaurudisha mwanzo. Anausikiliza tena, anaurudisha. Mara akatia kidole sikioni, akakaa hivyo, kidole sikio la kushoto, macho kayafumba. Kahaso alimwangalia mpaka uvumilivu ukamwisha. Ana safari ya kurudi, ana baba nyumbani, na huyu mtu anacheza.

Akaenda akagonga kioo.

"Imekwisha?"

Lenox akafungua mlango, akatoka. "Imekwisha. Kaa hapa usikie," alisema, akimwonyesha kiti cha kushoto.

"Mimi ndiye dereva. Ninasikia ninapokaa."

"Kaa kidogo tu, Kahaso, nikueleze kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtaja jina. Jina hilo ndilo lililolipua yote.

"Leo ndiyo unataka kueleza?" alisema. "Siku zote zile nilizongoja unieleze, ulikuwa wapi? Baba alikwambia ondoka. Sawa. Baba. Mimi nilikwambia ondoka? Mimi nilifungua mdomo?"

"Ningerudi na nini?"

"Na miguu yako!"

Lenox alifuta mikono kwenye kitambaa, akaendelea kuifuta hata baada ya kutakata. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba wiki ile ile aliyofukuzwa alipanda basi akaenda bara kwa ndugu za marehemu baba yake, kuwaomba waje wamposee. Walimpa chai. Wakamwacha anywe mpaka mwisho, ndipo wakamwambia mama yake hakuwahi kuolewa pale, na wao mtoto huyo hawamjui.

"Baba yako alisema mimi ni mtu asiye na watu," alisema. "Nilikasirika. Nikaenda kuhakikisha. Nikakuta amesema kweli. Sasa ulitaka nikupigie simu nikwambie hilo?"

Mwanamke mwingine angelainika hapo. Huruma ilimshika Kahaso, sikatai. Lakini aliyelia mpaka mto ukalowa ni yeye, aliyesimangwa na mama ni yeye, na huruma ile ikageuka moto.

"Ndiyo, nilitaka unipigie. Nilitaka unililie, nikulilie. Ukaona aibu yako ina thamani kuliko mimi." Akashusha sauti. "Na ni uongo, Lenox. Huna watu? Kila mchana unakula sahani moja na mzee Matano. Ulipougua ile malaria alikuuguza nani? Anakuita mwanangu mbele ya wateja. Ungepiga hatua kumi tu kuvuka uwanja huu, ukamwambia: mzee wangu, nibebe, twende ukaniposee. Angekataa? Hukukosa watu. Ulikosa moyo wa kuomba."

Upande wa pili wa uwanja randa ilinyamaza. Mzee Matano alisimama na ubao wake mkononi, akitazama chini.

Lenox alimgeukia mzee Matano, kisha akainamisha kichwa. Kahaso akajua amempata palipo na kidonda, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Akamlipa, akaingia kwenye gari, akapiga stati. Lenox akashika ukingo wa dirisha.

"Usibadilishe ule mlio kabla hujaufikisha nyumbani. Hilo tu nakuomba."

"Toa mkono wako."

Akautoa.

Kahaso alishika barabara ya kurudi Frere Town akiwa haoni vizuri kwa machozi, akayafuta kwa kiganja na kuyatukana. Baada ya kukata tamaa ya kutulia, akawasha muziki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Upande wa kushoto ulikuwa karibu umekufa, spika zinanong'ona tu, na sauti yote imemwagika mlango wa kulia, inamgonga gotini. Akaongeza. Ikazidi kumgonga goti. Mwimbaji, magitaa, ngoma, vyote vimesongamana upande mmoja kama watu waliokimbia mvua.

Alijaribu kujiambia pengine waya umelegea. Kisha akakumbuka zile saa zote za kuchezea vitufe, akakumbuka "usibadilishe", na moyo ukamwambia huyu mtu amefanya kusudi. Amemharibia gari la baba yake kwa kisasi. Aligonga usukani kwa kiganja. Alijiona mjinga kuliko siku ile ya kreti ya soda, na akapanga kwamba atamwonyesha mama gari lilivyofanywa, kisha ageuze, arudi Bamburi, amchape Lenox kwa maneno mbele ya wateja wake wote.

Mama yake alitoka alipolisikia gari uani, kanga kiunoni, mikono ya unga. Kahaso akamweleza kwa ufupi, mlango wazi, muziki bado unalia. Hakutaka kulitaja jina la fundi, lakini Pascalia alimsoma usoni.

"Umelipeleka kwa yule," alisema mama. "Posa ilimshinda, ataweza gari? Mimi nilidhani umepona, kumbe unatafuta pa kuumia tena. Zima hicho kitu kabla baba yako hajaamka."

Kahaso akanyoosha mkono kuzima.

"Acha."

Sauti ilitoka barazani. Mzee Kitsao alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo kwa mkono mzima, na hakuna aliyemtoa. Mama na binti walitazamana. Mzee akashuka ngazi, mguu huu, mguu ule, akapita mbele ya gari huku ameegemea boneti, akafika mlango wa kushoto. Pascalia alipotaka kumshika alimsukuma mkono. Akajitia kitini mwenyewe, akaegemea mto wake, akafunga mlango.

Kahaso aliona haya. Akaanza kumwambia baba asamehe, spika za kushoto hazifanyi kazi, ameshindwa, atatafuta fundi mwingine. Mzee akainua kidole kumnyamazisha.

Kwa kawaida baba yake akisikiliza kitu chochote hujipinda shingo, akiligeuza lile sikio zima kuitafuta sauti. Leo hakujipinda. Alikaa ameangalia mbele, kama alivyokuwa akikaa enzi za usukani. Wimbo ukaenda mpaka mwisho.

"Rudisha," alisema.

Kahaso akaurudisha. Walipofika katikati, pale mwimbaji anapopumzika, mzee alifumba macho, na mkono wake mzima ukaanza kucheza juu ya goti, vidole vikifuata kitu.

"Kumbe lipo," alisema polepole, kila neno akilisukuma. "Gitaa la pili. Watu walikuwa wakiniambia. Huku kwangu lilikuwa halifiki."

Kahaso hakuelewa. Kisha akaelewa. Aliona kidole sikioni. Sikio la kushoto. Aliona ile bakora ilivyoshikwa na kurudishwa. Mlango wa kushoto uko karibu na sikio lililokufa, kila kinachotoka pale kilikuwa kinapotea, na Lenox alikichukua chote akakihamisha upande wa pili, kwa lile sikio lililobaki. Gari hakulipima kwa masikio ya dereva wala ya mteja. Alilipima kwa sikio la mtu mmoja, yule aliyemgeuzia sikio hilo hilo akamuuliza wazee wako wako wapi, kisha akamfukuza.

Na yeye alikataa kukaa kiti kile dakika moja akaelezwa.

Hasira haikumtoka, msidhani. Ilibaki pale pale, ya miaka miwili, nzima. Ila sasa alikuwa anatokwa na machozi juu yake, waziwazi, mbele ya mama yake, na hakuyafuta.

Mzee alifumbua macho. "Nani kafunga?"

Pascalia akakohoa, akimkonyeza binti yake aseme jina lolote lile. Kahaso alishika usukani.

"Ni Lenox, baba."

Uso wa mzee ukakaza. Wimbo mwingine ukaingia, na Kahaso akajiandaa kusikia akiamrishwa ving'olewe vyote, waya kwa waya.

"Yule wa soda."

"Ndiye."

Mzee akasikiliza tena, midomo ameibana, kama hakimu asiyetaka kuonekana ameridhika.

"Besi imezidi," alisema mwishowe. "Mwambie aje aipunguze."

"Baba Kahaso!" Pascalia alimaka.

Mzee hakumgeukia. Aliushika mkono wa binti yake uliokuwa kwenye gia, kwa ule mkono wake mzito, akaukandamiza kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo.

"Na asije peke yake."